Sufuria za Mama Mkongo zilikuwa zinarudi nzito kuliko zilivyokwenda: nilishuku magendo, yaliyonikuta Garissa ni haya

Wakuu, salaam kwenu, mlio ofisini mkijifanya mnafanya kazi na mlio juani kama mimi.

Nina jambo limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitoa. Mnaonifahamu humu mnajua huwa natia chumvi. Leo kopo la chumvi nimelifungia kabatini. Ikimwagika kidogo mahali, ni mkono tu, si moyo.

Majina yote nimebadilisha, na mtaa nimeubatiza upya. Mtaelewa kwa nini mkifika mwisho.

Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Garissa. Kwetu ni Mwingi lakini nimekaa huku mpaka jua limenikubali. Jua la huku, wakuu, kuku akitaga ukachelewa kuokota, unaokota yai la kuchemsha.

Pia ni msomi. Kidato cha nne nimekimaliza ngumbaru, yaani darasa la usiku la watu wazima, dawati moja na mzee mwenye wajukuu. Matokeo yalipotoka mtaa ukanipa jina la Profesa, na sijawahi kulikataa. Sisemi haya kwa kujisifu (ni kwa kujisifu). Nasema ili mjue nikishuku kitu, nashuku kisomi.

Twende sasa.

Mtaani kwetu, tuuite Bula Maziwa, kuna jiko la kina mama wageni. Kiongozi ni Mama Neema, Mkongo wa Bukavu. Ana sauti ya kipaza cha mkutano wa hadhara na mikono ya kusonga ugali wa kikosi kizima cha jeshi bila kupumzika. Mwenzake ni Habiba, Muoromo kutoka Ethiopia. Mpole, mwembamba, Mwislamu, na ndiye anayesimamia nyama ili asitokee mtu wa kuuliza maswali ya halali na haramu. Wapo wengine wa kukatakata na kuosha, ila injini ni hao wawili.

Walianza baada ya ukame kumaliza mifugo ya watu. Familia zilikuwa zinaingia mjini na birika, mkeka na watoto, basi. Kina Mama Neema wakaanza kuzunguka mashamba ya kando ya Tana kuomba mboga ambazo hazijauzika, wakapata maharage kwa wasamaria, wakatafuta kiwanja chenye kibanda, wakawasha moto.

Mwanzoni watu waliwacheka. Mama Neema aliwapelekea majani ya kunde yaliyotwangwa. Msomali wa huku umpe majani? Wazee walisema, "Hii ni chakula ya mbuzi, mbuzi yetu amekufa, sasa huyu mama nataka sisi tukule badala yake?" Lakini njaa ni mpishi mkali. Baada ya muda mfupi majani yalikuwa yanalambwa mpaka chini.

Jambo moja: pale hakuna foleni. Nilimuuliza Mama Neema siku ya kwanza kwa nini asipange watu mstari, kila mtu na sahani yake, kazi iishe.

Akanitazama kama nimemtukana.

"Foleni mi nimekula nayo kambini, Profesa. Mutu akisimama na sahani mbele ya batu, ile sahani inakuwa ndiyo uso wake."

Kwa hiyo chakula kinakwenda nyumbani. Kila nyumba sufuria yake, mfuniko juu, imefungwa leso vizuri, kama vile jirani anampelekea jirani. Tuktuk ya kupeleka ni yangu. Kabla ya adhuhuri nasambaza, alasiri nakusanya sufuria na kuzirudisha.

Na hapo kwenye kukusanya, wakuu, ndipo akili yangu ya ngumbaru ilipoanza kuwasha taa nyekundu.

Kwanza, sufuria zilikuwa zinarudi zimefungwa. Sasa sufuria ya watu walioshiba inafungwa ya nini?

Pili, uzito. Sufuria iliyokwenda imejaa pure ya mahindi na maharage inarudi uzito uleule, nyingine zaidi. Ipo niliyoinyanyua mgongo ukalia kama mlango wa jela.

Tatu, amri. Mama Neema aliniambia siku ya kwanza, kidole kikiwa karibu na pua yangu: "Usifungue. Hata moja. Hata ikimwagika, ifunike na leso, lete."

Nne, pazia. Nikifika nazo, Mama Neema anaziingiza mwenyewe nyuma ya pazia kwenye kona ya kibanda. Wasichana wanaoosha vyombo hawaruhusiwi. Anafungua peke yake, Habiba akiwa mlangoni kama mlinzi wa benki. Baadaye sufuria zinatoka zikiwa tupu, ndipo zinaoshwa.

Niambieni ninyi. Chakula cha bure kinatoka, vitu vizito vilivyofungwa vinaingia, vinafunguliwa gizani. Hilo ni jiko au ni bandari?

Na iliyonitisha zaidi ya zote ilikuwa sufuria ya Ayeeyo Dahabo.

Ayeeyo kwa Kisomali ni bibi, na huyu ni bibi wa mtaa mzima. Anaishi na wajukuu yatima mwisho wa kichochoro nyuma ya duka la Mzee Shukri. Alikuwa mtu wa ngamia, tena si wa kuhesabu kwa vidole. Wote wamekwisha. Nyumba nyingine sufuria ya Mama Neema ilikuwa nyongeza tu. Kwa Ayeeyo ndiyo ilikuwa chakula chenyewe. Isipofika, watoto wanalala na maji. Hilo lilijulikana.

Tuktuk haipiti kwenye kichochoro chake, kwa hiyo sufuria yake naiacha barazani kwa Mzee Shukri, na alasiri naikuta palepale. Ayeeyo anaileta mwenyewe, fimbo mkono mmoja, sufuria mkono mwingine, hatua za kinyonga. Ukitaka kumsaidia anakupiga jicho unarudi nyuma. Anaiweka barazani kwa kishindo ili kila mtu asikie, anasema "Haya," anaondoka.

Na ile sufuria ilikuwa inalia. Nikipita kwenye tuta inasema klang! klang! Chuma kwa kitu kigumu.

Sasa jiwekeni mahali pangu. Mimi mtu wa bara, niko Garissa, nimebeba sufuria ya siri inayolia klang. Unadhani nilifikiria nini? Vijiko?

Nilifikiria risasi.

Siku moja afande akanisimamisha pale kwenye mzunguko.

"Umebeba nini?"

"Sufuria, afande."

"Tupu?"

Wakuu, swali hilo sikuwahi kuulizwa kwenye mtihani wowote. Nikasema, "Zinarudi, afande." Akanitazama. Nikamtazama. Jasho lililonitoka lingetosha kumwagilia shamba la tikiti maji mpaka livunwe. Simu yake ikalia, akanipungia mkono nipite.

Siku hiyohiyo Mzee Shukri akaniita dukani.

Mzee Shukri mjue vizuri. Ana duka la vyakula, ndevu nyekundu za hina, na ni mjumbe wa kamati ya mtaa. Mtu wa dini, mtu wa heshima, na mtu wa kushuku kunishinda mimi. Tungekuwa tumezaliwa nchi moja ya Ulaya wangetuajiri ujasusi.

"Brofesa, kaa habo," akasema. "Hawa mama ya Kongo nabika chai na uji ya mtaa msima. Nataka kuulisa. Sukari yao natoa wabi?"

"Si wananunua?"

"Kwa nani? Kwangu habana. Kwa jirani nimeulisa, habana. Sukari haioti kwa mti."

Kwa wasioishi huku: sukari ya magendo ni kesi kubwa. Ukikutwa nayo, gari linakwenda na wewe unakwenda.

"Ijumaa ya mwisho ya mwesi, baada ya sala, kamati itakuja hibo jikoni," akaendelea. "Wewe ndiye nabeba hio sufuria. Utatuambia iko na nini. Kama ni kitu chafu, tunafunga hibo jiko siku hiohio. Hatutaki watu wageni walete shida kwa mtaa yetu."

Nikamuuliza, "Na wanaokula?"

Akatazama kichochoro cha nyuma ya duka lake.

Wakuu, usingizi ulinihama. Nikisema ni safi na kumbe ni chafu, nakwenda ndani na tuktuk yangu. Nikisema ni chafu na kumbe ni safi, jiko linafungwa na kina Ayeeyo wanalala njaa kwa mdomo wangu. Na mimi mwenyewe sijui kilichomo.

Tuta lilinijibu kesho yake.

Nilikuwa nakimbia, sikatai. Tuktuk iliruka, nakwambia ilikaa hewani mpaka wale korongo wenye upara walioko juu ya miti wakageuza shingo kunishangaa. Iliposhuka, leso ya sufuria ya Ayeeyo ilikuwa imelegea na mfuniko uko chini ya kiti.

Mawe.

Mawe ya kawaida, ya duara, ya kutoka kando ya mto. Yameoshwa, yamefungwa ndani ya kitambaa kisafi chenye harufu ya udi.

Nani anaosha mawe? Nani anayafukizia udi?

Nikajijibu: mtu mwenye mawe ya thamani. Nikachukua moja, mengine nikafunga kama yalivyokuwa, na kabla ya kufika jikoni nikapitia sokoni kwa fundi wa dhahabu ninayemjua. Akaligeuza. Akalitia mate. Akaligonga kwenye meza, akaliweka karibu na sikio.

"Profesa, hili ni jiwe."

"Jiwe la aina gani?"

"La kumtupia mbuzi akiingia dukani."

Nikaaibika. Lakini shaka haikuisha, ilibadilisha nguo tu. Maana nilianza kuchunguza na nikaona hivi: nyumba ambazo sufuria zao zinarudi kimya, laini, kesho zinapelekewa sufuria ya kiasi. Ya Ayeeyo inayolia klang, kesho inakuja kubwa, na siku ya nyama mnofu wa kwanza ni wake.

Yaani ukilipa kwa mawe unapata zaidi? Hii ni biashara ya sayari gani?

Halafu ghafla mambo yakageuka.

Siku moja nikachukua sufuria ya Ayeeyo barazani, nikapita kwenye tuta, kimya. Nikarudi nyuma nikapita tena makusudi. Kimya. Uzito upo, kelele hakuna.

Kesho yake nilipofika jikoni kuchukua mizigo, sufuria ya Ayeeyo ilikuwa ndogo. Ile ya nyumba ya watu wawili.

Nikadhani wamekosea. Siku iliyofuata ndogo tena. Nilipoiweka barazani Ayeeyo alikuwa anasubiri. Akainua mfuniko kidogo, akachungulia, akaufunika taratibu. "Alhamdulillahi," akasema. Halafu akanivuta mkono wa shati, mtu ambaye hajawahi kuniuliza hata saa.

"Brofesa. Mama Kongo iko na hasira na mimi?"

"Hapana, Ayeeyo. Kwa nini?"

"Watoto nauliza mimi. Mimi nauliza wewe."

Alichukua kile kisufuria na kuingia kichochoroni, na safari hii hakuhitaji kusimama kupumzika. Kilikuwa chepesi.

Nilikwenda kwa Mama Neema nimefura. Nikamwambia nyumba ya Ayeeyo ina watoto, kwa nini amewapunguzia?

Akatabasamu! "Ile nyumba imepata nafuu, Profesa. Mungu asifiwe. Sasa ile kubwa inaenda kwa wengine bale bafika juzi."

"Nani kakwambia imepata nafuu?"

"Mi najua."

"Unajuaje? Hujawahi kutia mguu kule!"

"Mi najua," akarudia, akaingia nyuma ya pazia lake.

Wakuu, hapo nilikata shauri. Huyu mama ana majasusi, na Ijumaa nitasema kila kitu nilichoona. Wacha jiko lieleze lenyewe.

Ijumaa ikafika.

Kamati ilikuja, Mzee Shukri mbele, kanzu imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia nyanya. Mwenyekiti wao ni kijana fulani mwenye miwani, mtu wa sheria sheria. Majirani wakajazana uani. Mimi nimesimama kando ya tuktuk yangu, sufuria nilizotoka kukusanya bado zimo ndani, ulimi unaniwasha.

Mzee Shukri hakunisubiri hata niseme. Akaenda moja kwa moja kwenye lile pazia akalivuta.

Nyuma ya pazia palikuwa na rafu ya mbao. Juu yake kulikuwa na unga kidogo kwenye kopo. Mayai. Ndimu. Chumvi. Tende kwenye bakuli. Samli kwenye chupa ya soda. Na mstari mzima wa vifurushi vya sukari vya karatasi.

Chini ya rafu, kwenye karai, mawe ya mto. Masafi. Yamepangwa.

"Sukari hiyo!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Imetoka wapi, mama?" mwenyekiti akauliza.

Mama Neema alikunja mikono. "Imetoka kwa batu. Sufuria ya jirani hairudishwe bila kintu. Kwetu Bukavu ni vile, na hapa nimekuta ni vile. Mutu ana sukari anatia sukari. Ana yai anatia yai. Kesho tunapika na ile ile."

"Nyumba gani imeleta sukari yote hii?"

"Siseme."

"Mama, usiposema tunafunga."

"Mufunge. Kilicho ndani ya sufuria ya mutu ni siri yake. Nikisema ya mumoja, nimesema ya bote."

Habiba pembeni alikuwa ameshika ukingo wa kanga kwa meno. Watu wakaanza kunung'unika. Mwenyekiti akamgeukia Mzee Shukri, "Mzee, wewe ndiye mwenye malalamiko. Angalia hiyo sukari. Ni ya magendo?"

Mzee Shukri akachukua kifurushi kimoja.

Na mimi, msomi wenu, nikakiona kile kifurushi kwa mara ya kwanza vizuri.

Karatasi ya kaki, imekunjwa pembe, imefungwa kwa uzi wa buluu unaotoka kwenye mdomo wa gunia, kwa fundo kubwa la ajabu ambalo kufungua lazima utumie meno. Ninanunua sukari yangu kwa fundo hilo kila juma. Garissa nzima ni mtu mmoja tu anayefunga sukari kama anafunga ngamia.

Mzee Shukri alikitazama. Akaweka chini, akachukua cha pili. Fundo lilelile. Cha tatu. Uso wake ulikuwa unabadilika rangi mpaka ndevu zikaonekana zimepauka.

Halafu macho yake yakashuka kwenye karai la mawe.

Kisha akanitazama mimi. Na mimi nilikuwa namtazama.

Baraza lake. Sufuria ya Ayeeyo inayokaa pale ikinisubiri. Kelele zilizozimika siku moja bila sababu.

"Mzee?" mwenyekiti akarudia. "Unaijua hii sukari?"

Mzee akakirudisha kile kifurushi rafuni.

"Naijua," Mzee Shukri akasema. "Hii ni ya duka yangu. Watu nanunua kwangu, naleta hapa. Hakuna magendo."

"Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyesema..."

"Nilikosea! Mzee hakosei?" Akajifuta jasho na kilemba. "Haya, mambo imekwisha. Watu waende nyumbani."

Mwenyekiti akanigeukia. "Na wewe dereva, umeona kitu cha kushuku kwenye hizi sufuria?"

Wakuu, mawe yako pale chini, mita moja kutoka mguuni mwake, na hakuna aliyeyauliza.

Nikasema, "Mwenyekiti, nilishuku kuna almasi."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Huyo ni Profesa, mwacheni!" Wakatawanyika wakicheka. Kutia chumvi kuna faida zake.

Nilimfuata Mzee Shukri mpaka nje ya lango.

"Ni wewe," nikamwambia. "Kwenye sufuria ya Ayeeyo."

Alitazama kushoto na kulia. "Bunguza sauti, Brofesa." Halafu akanieleza, na alieleza kwa shida kama mtu anayetoa mwiba.

Siku moja Ayeeyo alipoiweka sufuria barazani, leso ilifunguka. Mzee akaona mawe. Akaelewa papo hapo. Mama mzee hana hata chembe ya sukari ndani, na hawezi kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu. Kwa hiyo anaweka mawe, ili anapopita kichochoroni majirani waone mkono umelemewa, waone nyumba yake bado inarudisha heshima.

"Huyu mama ni mtu mkubwa," akasema. "Wageni nafungua, naona mawe, nacheka yeye? Nilitoa mawe, nikatia sukari. Kila siku. Yeye hajui. Nikimba sukari mkononi, atakataa."

"Mzee," nikamwambia, "tangu utie sukari, sufuria yake imekuwa ndogo."

Hakuelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa naelewa nikiwa ninasema.

"Mama Neema ndivyo anavyojua. Ndiyo kazi ya lile pazia. Anayerudisha sukari anayo nafuu. Anayerudisha mawe..."

Mzee Shukri alikaa chini ukingoni mwa barabara, na kanzu yake ile ya pasi, kwenye vumbi.

"Nimekula chakula ya watoto yatima," akasema.

Nilirudi ndani nikamnong'oneza Mama Neema. Mama yule aliweka mikono kichwani. "Mungu wangu. Mi nimenyima mama ya heshima chakula na nikashukuru!"

Ndipo akaniambia, siku ya kwanza kabisa sufuria ile iliporudi na mawe, yeye alidhani ametukanwa. Aliyapeleka kwa Habiba akiwa anatetemeka kwa hasira, akataka kuifuta nyumba ile. Habiba ndiye aliyeyanusa. Akamwambia mtu anayekutukana hatii udi. Akamwambia hata kwao wapo kina mama wanaochemsha maji matupu na kuyakoroga kwa nguvu ili jirani asikie mwiko. Tangu siku hiyo Mama Neema hakuwahi kumuuliza mtu kama ana njaa. Anafungua sufuria, anasoma, anafunga mdomo.

Sasa angalieni mtego: hamwezi kumwambia Ayeeyo lolote. Mkimwambia mnajua kuhusu mawe, hatarudisha tena sufuria, na hatapokea tena.

Kesho yake sufuria iliyokwenda kwake ilikuwa kubwa kuliko zote, nusura nimwombe abiria anisaidie kusukuma. Ayeeyo aliinua mfuniko, akachungulia, akanipiga begani na fimbo kidogo. "Mwambie Mama Kongo, hasira imekwisha, na mimi imekwisha."

Alasiri nilipokuja kukusanya, Mzee Shukri alikuwa amesimama barazani. Suruali imekunjwa, miguu ina tope la mto. Nikainyanyua sufuria.

Klang.

"Ya kwake iko yote," akasema bila kunitazama. "Sijagusa. Nimeongeza mbili tu, mazuri."

Kisha akanipa gunia dogo la sukari, lisilo na uzi wa buluu, lisilo na fundo lolote. "Hii ni ya jiko. Haina mwenyewe."

Nilipowasha injini akagonga mlango wa tuktuk.

"Endesha bole bole, Brofesa. Umebeba mtu."

Basi wakuu, mimi nimejifunza kwamba shaka ni kitu kizuri, ila ukishaishika ishike mpaka mwisho wa kamba. Mimi na Mzee Shukri tuliiachia katikati, kila mmoja akaondoka na kipande chake, na katikati yetu watoto wakapunguziwa sahani. Ukiona jirani anaficha kitu, yawezekana ni magendo. Yawezekana pia ni kwamba hana.

Lakini kuna moja bado linanisumbua, na hapa ndipo nawaomba ushauri.

Katika miezi yote hiyo, Mama Neema alikuwa ananipa na mimi bakuli la mchana. Na mimi, kijana wa watu, nilikuwa nalirudisha limeoshwa linang'aa, tupu kama ahadi ya mgombea. Kila siku. Baada ya haya yote kutokea nilishikwa na aibu ya kufa. Nikanunua majani ya chai, nikayatia bakulini, nikafunga leso, nikampelekea.

Akafungua palepale mbele ya wasichana wote, bila pazia. Akayatoa. Akanirudishia.

"Wewe usituletee kintu, Profesa. Mi nilikusoma zamani. Anayerudisha bakuli tupu bila haya ni mumoja tu."

"Nani?"

"Mutoto ya nyumba."

Habiba akacheka mpaka akakaa chini. Na mimi nikachukua majani yangu nikaondoka, na mpaka leo nikiendesha najiuliza.

Wakuu, yule mama alinipenda au alinitukana kwa adabu? Uwanja ni wenu, mwageni maoni. Na mtuambie pia, kwenu bakuli la jirani linarudi na nini?